Tuanze na pombe au tuanze na akili?

Swali: Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Igombe, Mwanza. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, alikuwa mvuvi wa dagaa. Miaka miwili na nusu iliyopita mtumbwi wao ulipigwa na dhoruba usiku. Yeye na mwenzake mmoja waliokolewa, lakini rafiki yake wa tangu utotoni alizama na mwili haukupatikana. Tangu hapo halali. Alianza na bia za jioni, kisha bangi. Mwaka jana tulimpeleka kwa bibi yetu anayeishi Magu, akakaa wiki saba bila kugusa kitu, ila usiku alikuwa akipiga kelele ndotoni na kuamka amelowa jasho. Aliporudi akaanza upya, na sasa ni gongo kila siku tangu asubuhi. Miezi hii mitatu anasema anamsikia marehemu akimwita. Hospitali moja walituambia aache pombe kwanza ndipo watamtibu akili. Nyumba ya upataji nafuu, yaani makazi ya watu wanaoacha vilevi, wakasema hawapokei mtu anayesikia sauti, atibiwe akili kwanza. Mama anataka tumfungie ndani mpaka pombe imtoke. Tuanze na lipi?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole sana. Nitaanza na wazo la mama kwa sababu ndilo linaloweza kuua wiki hii. Msimfungie ndani.

Mtu anayekunywa gongo tangu asubuhi, kila siku, ubongo wake umeshajifunza kushindana na pombe. Pombe inauvuta kwenye usingizi, nao unavuta upande wa pili ili ubaki macho, kama wanafunzi kwenye mchezo wa kuvuta kamba. Upande mmoja ukiachia ghafla, mwingine unaanguka chali. Ndani ya saa 6 hadi 24 tangu tone la mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, tumbo linachafuka. Ndiyo maana anazimua asubuhi, kwa kuwa mwili unadai, wala si ukaidi. Degedege, kwa wale wanaolipata, huja zaidi ndani ya saa 48 za kwanza. Kisha kati ya siku ya pili na ya nne wapo wanaochanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu wakitambaa ukutani, wanazungumza na watu wasiokuwepo, homa inapanda, hawajui wapo wapi. Hali hiyo bila tiba inaua. Mkimfungia chumbani, mtaisikia vurugu mkadhani ni pombe inamtoka, kumbe ni yeye anayeondoka.

Mama atasema mbona Magu aliacha na hakuna lililotokea. Mweleze kwamba mara ile alikuwa mnywaji wa bia za jioni, sasa ni gongo ya asubuhi. Tena kila mtu anapoacha ghafla na kurudia, kuacha kwa mara inayofuata huweza kuwa kukali zaidi ya kulikotangulia. Kwa hiyo asikate ghafla akiwa nyumbani. Akatie hospitali, kitandani, ambako atapewa diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa dozi zinazopunguzwa siku hadi siku, thiamini, yaani vitamini B1 ambayo pombe humaliza mwilini, na maji. Mara nyingi kazi hiyo ni ya siku tano hadi saba. Ikitokea amekosa pombe kabla hamjafika na mkaona mtetemeko mkali, degedege au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura kama ajali ya barabarani. Hali kadhalika akisema ghafla macho hayaoni vizuri, maana gongo nyingine huwa na sumu inayopofusha. Msisubiri kukuche.

Sasa swali lako. Jibu ni yote mawili kwa pamoja, na ikiwezekana yatibiwe na watu walewale. Milango miwili mliyobisha imewapa majibu yanayofanana, kila mmoja ukisema nendeni kwanza kwa mwingine. Mimi ni mtu wa fani hii na inaniuma kwamba familia bado zinarudishwa namna hiyo. Mgonjwa anayeambiwa amalize ugonjwa mmoja ndipo atibiwe wa pili, kwa kawaida hamalizi hata huo mmoja. Asiyelala kwa ndoto za kuzama atakunywa ili alale. Anayekunywa ili alale, usingizi wake hukatika usiku wa manane pombe inapokwisha damuni, na ndoto zinarudi na nguvu mpya. Ukimwondolea pombe peke yake, unamwachia ndoto. Ukimpa dawa ya akili peke yake, pombe inaizidi nguvu.

Wala mdogo wako si mtu wa ajabu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1990, uliohoji watu zaidi ya 20,000, ulikuta kwamba kati ya kila watu 100 waliowahi kuwa na tatizo la pombe, 37 walikuwa wamewahi pia kuwa na ugonjwa wa akili. Kwa tatizo la dawa nyingine za kulevya walikuwa 53. Hizo ni hesabu za kule, lakini yeyote aliyekaa kwenye kliniki ya akili kanda hii ataitambua picha hiyo. Huko huko Marekani huduma zilikuwa zimegawanyika kama mlivyoziona ninyi, mpaka miaka ya 1980 na 1990 watu kama Robert Drake na wenzake katika jimbo la New Hampshire walipoanza kuziweka chini ya timu moja: faili moja, mshauri mmoja anayemjua mgonjwa, na mazungumzo ya pombe na ya akili kwenye kiti kilekile. Si lazima timu iwe kubwa. Awepo mtu mmoja tu wa kumuuliza mgonjwa mambo yote mawili kila anapokuja.

Katika barua yako kuna sentensi moja niliyoisoma mara tatu, ile ya wiki saba za Magu. Hujui ulivyonisaidia. Huzuni, wasiwasi na kukosa usingizi vinavyoletwa na pombe yenyewe huanza kupungua mtu akikaa wiki mbili hadi nne bila kunywa. Mdogo wako alikaa saba, kwa bibi, bila pombe wala bangi, na bado alikuwa akipiga kelele usiku. Hiyo inaonyesha kwamba ndani yake kuna ugonjwa unaosimama kwa miguu yake mwenyewe. Nikilijumlisha na dhoruba, rafiki aliyezama, na usingizi uliopotea tangu siku ile, kinachonijia kwanza ni kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya mtu kukaribia kufa au kuona mwingine akifa. Pombe ilikuja baadaye, ikiwa dawa aliyojitafutia. Sijamwona, kwa hiyo siwezi kuandika jina la ugonjwa kwenye cheti kupitia barua. Lakini ukifika kwa daktari, anza na wiki saba za Magu, kabla hujataja gongo.

Pwani hii ya ziwa imejaa watu wa namna yake. Tulipata ajali ya meli ya MV Bukoba Mei 1996, tukapata ya kivuko cha MV Nyerere pale karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, na kati ya hizo kuna mitumbwi isiyotajwa redioni inayopinduka kila msimu wa upepo. Huwa tunahesabu waliokufa. Waliorudi wakiwa hai tunawapa chai na blanketi, na wiki inayofuata wapo ziwani tena. Ni nadra mtu kuwauliza wanaota nini.

Sauti anayoisikia ni jambo jipya, na hapa tuwe makini. Huenda ni kiwewe na msiba visivyotulia, maana wafiwa wengi humsikia marehemu na si wendawazimu. Huenda ni pombe, ambayo kwa wanywaji wa muda mrefu huweza kuleta sauti hata mtu akiwa na fahamu zake timamu. Huenda ni bangi, ambayo kwa baadhi ya watu, hasa walioanza wakiwa wadogo au wenye ndugu aliyewahi kuugua akili, hufungua mlango wa saikosisi, yaani hali ya akili kutotofautisha kilichopo na kisichokuwepo. Na huenda ni ugonjwa mwingine unaoanza, ambao umri kama wake ndio wakati wake. Daktari hatajua siku ya kwanza, na hana sababu ya kungoja ajue ndipo aanze kutibu. Atachora mstari wa maisha ya mgonjwa: lini ndoto, lini bia, lini bangi, lini Magu, lini gongo, lini sauti. Kisha ataangalia sauti inafanyaje katika wiki za kwanza bila pombe. Uandike mstari huo wewe, kwenye karatasi, kabla ya kwenda. Wewe ndiye uliyekuwepo.

Lakini umesema sauti inamwita. Inamwita wapi? Ikiwa inamwita majini, basi hili limekuwa suala la kulinda uhai. Muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kufa au kumfuata mwenzake. Usiogope kwamba utamtia wazo, kwani kuuliza hakupandi mbegu hiyo, na wengi hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye mtu ameuliza. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na mwende hospitali siku hiyohiyo. Dawa ya pamba au ya panya iliyopo nyumbani itoke, isifichwe tu juu ya kabati. Vidonge vyake vya hospitali akae navyo mama au wewe. Na kwa sasa asiingie mtumbwini kabisa, hata kama tajiri wake anamhitaji. Degedege likimkuta nchi kavu anaweza kuumia, ila likimkuta kilindini hatarudi.

Nyumbani kwenu sasa, kuhusu dawa. Akishaandikiwa, ndugu wengi hufanya kosa la upendo: siku mgonjwa amekunywa, wanamficha vidonge wakihofia vitamdhuru vikichanganyika na pombe. Wapo walioruka dozi hivyo mwezi mzima. Kanuni ya haki ni kumweleza daktari ukweli tangu mwanzo, kwamba huyu anaweza kunywa, ili achague dawa akijua hilo na awaambie mapema cha kufanya siku ya namna hiyo. Zipo ambazo kuziruka kuna hatari kubwa kuliko kuzimeza siku ya pombe. Zipo ambazo hazipatani na pombe hata kidogo, kama diazepamu, fenobabu ya kifafa na amitriptilini ya sonona, ambazo zikikutana na gongo huweza kumfanya mtu alale asiamke. Ndiyo maana nakusihi usimnunulie vidonge vya usingizi duka la dawa la mtaani, hata kwa huruma.

Akianzishiwa dawa ya kuzuia sauti kama haloperidoli, akaanza kukakamaa shingo, macho kugeuka juu au mate kumtoka, majirani watasema amelogwa au amepewa dawa za vichaa. Ni athari ya dawa, inatibika, mara nyingi kwa sindano au kidonge kingine siku hiyohiyo. Rudini hospitali, msiache dawa kimyakimya. Na kama ataihitaji kwa muda mrefu, ulizeni kuhusu sindano inayodumu wiki kadhaa. Kwa mtu ambaye leo yupo Igombe, kesho Ukerewe, keshokutwa kisiwani kusikojulikana, sindano hiyo ni bora kuliko pakiti ya vidonge inayolowa maji mtumbwini.

Dawa hazitoshi kwa kiwewe. Kinachokiponya zaidi ni kuzungumza kwa utaratibu, na mtu aliyefunzwa, kuhusu usiku ule wenyewe, kidogo kidogo, mpaka kumbukumbu ikose meno. Zamani sisi wataalamu tulikuwa tukisema mgonjwa asiguswe kidonda hicho mpaka aache pombe kabisa, tukiogopa atakunywa zaidi. Mwaka 2012 Katherine Mills na wenzake wa Australia walichapisha matokeo ya watu 103 wenye kiwewe na uraibu kwa pamoja. Waliotibiwa yote mawili kwa wakati mmoja walipata nafuu kubwa zaidi ya kiwewe, na matumizi yao ya vilevi hayakuongezeka kuliko ya wenzao. Ukiambiwa tena "aache kwanza", una haki ya kuuliza kwa heshima kwa nini.

Halafu kuna kazi na fedha. Wewe ni mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, unajua dagaa huvuliwa kwenye giza, na mbalamwezi ikija taa zinazimwa, hesabu zinafungwa, vijana wanakaa bure na pesa mfukoni. Kwa mvuvi mwenye uraibu siku hizo ndizo mbaya kuliko zote. Nikipanga tarehe za kliniki kwa wavuvi huwa nauliza mwezi upo wapi, nampa miadi siku moja au mbili kabla hesabu haijafungwa. Mwombe mshauri wenu afanye hivyo hata kama hatayarudia maji hivi karibuni, maana marafiki zake watarudi nchi kavu siku hizohizo na kumpitia. Kazi ya nchi kavu, hata ya kuanika dagaa au kushona nyavu kwa nusu siku, ni sehemu ya tiba. Ila iwe mbali na banda la gongo, na malipo yapitie mkononi mwa mtu anayemwamini.

Atateleza. Nakuambia mapema ili siku hiyo usiseme yote yameharibika. Mkisikia amekunywa, swali la nyumbani liwe ni nini kilitangulia: ndoto, ugomvi, kumbukumbu ya tarehe ya ajali, fedha? Jibu hilo mlipeleke kliniki. Safari hii huhesabiwa kwa miezi na miaka, na ndani yake mnatafuta siku za kunywa kupungua, usiku wa kulala kuongezeka, sauti kufifia. Matusi, kumfunga kamba, kumwita teja au chizi mbele ya watoto vinamrudisha kulikokuwa na giza. Kumpa hela kila anapoomba nako kunamrudisha. Ugumu wa ndugu ni kusimama katikati ya hayo mawili, na najua mnachoka. Gawaneni zamu.

Najua pia mtapelekwa kwa mganga, kama hamjapelekwa tayari. Sitagombana na mama juu ya dua wala matambiko. Namwomba mambo mawili tu: dawa za hospitali zisikatishwe, na asinyweshwe mizizi isiyojulikana, asichapwe, asifungwe minyororo. Kuna jambo moja la kimila, hata hivyo, ambalo mimi mwenyewe ningelipigania. Mwili haukupatikana. Hakuna kaburi. Nadhani, kutokana na barua yako, hajawahi kukaa na wazazi wa rafiki yake, kwa aibu ya kurudi hai. Baadaye, akishatulia na mshauri wake akiona yupo tayari, mpelekeni akawasalimie. Wamsikie akieleza, naye awasikie. Nimeona ziara kama hiyo ikimpa mtu usingizi ambao vidonge vyangu havikuweza kumpa.

Kwa Mwanza anzeni kituo cha afya kilicho karibu mpate rufaa, au kama kuna dharura nendeni moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure au Hospitali ya Kanda ya Bugando, muulize idara ya magonjwa ya akili. Semeni sentensi hii mapokezi: "Anakunywa kila siku na anasikia sauti, tunaomba atibiwe vyote." Kama fedha hazitoshi, ulizeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha kabla hamjakata tamaa dirishani. Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupokea simu bure, nao huweza kuwaelekeza nyumba ya upataji nafuu inayotambulika. Kabla ya kulipa hata shilingi, ulizeni kama wanaruhusu dawa za akili na kama kuna mtaalamu wa afya anayefika. Wakisema hapana, ondokeni. Wenye ndugu anayetumia unga, yaani heroini, njia yao ni tofauti kidogo, ni kliniki ya methadoni, dawa inayoshika nafasi ya unga, ambayo Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011 na Mwanza pia ipo. Kwa gongo na bangi methadoni haihusiki, msimdai daktari.

Limebaki la kumtoa nyumbani. Ukimwambia "twende ukaache pombe" atakataa, maana unamwambia aachie kitu pekee kinachomfanya apitishe usiku. Chagua asubuhi ambayo mikono yake imetulia, ukae naye mwenyewe, mama asiwepo, umuulize tangu lini hajalala usiku mzima. Msikilize mpaka amalize, hata akilia. Kisha mwambie kuna watu mjini wanaotibu ndoto za namna hiyo, na kwamba utakwenda naye na kukaa naye.